Darasa la tano linaponyamaza

Darasa la nne la skuli ninayofanyia mazoezi ya kufundisha, huku pwani ya mashariki ya Unguja, halitulii. Waulize mmea unahitaji nini ili ukue, majibu yanakuja kabla hujamtaja mtu. Vuka baraza uingie darasa la tano. Watoto wa mtaa uleule, wengine ndugu wa tumbo moja na hao wa darasa la nne. Uliza swali lilelile kwa Kiingereza, wote wanainamia madaftari. Tangu nije kutoka Mombasa hakuna jambo linaloninyima usingizi kama hili.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ndiyo iliyoelekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na skuli hii inafuata hivyo. Masomo mengine ni kwa Kiswahili, Kiarabu kina kipindi chake, na jioni watoto wako chuoni wanasoma Kurani.

Kwetu Kenya, ukifika gredi ya nne Kiingereza kinashika karibu masomo yote, Kiswahili kinabaki na kipindi chake tu, ingawa Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mimi nimelelewa Kibokoni, mtaa wa Mombasa, nyumbani Kimvita kitupu, yaani Kiswahili cha Mombasa, lakini sayansi yote niliyonayo niliipata kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilipomsikia Maalim anayenisimamia akiwaeleza darasa la nne safari ya chakula tumboni, kwa Kiswahili kilichonyooka, machozi yalinilengalenga. Sikuwahi kufundishwa hivyo. Na mwaka 1928, tena kwenye mkutano uliofanyika huko kwetu Mombasa, Kiunguja hiki ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima. Inaniuma kuona watoto wa wenye lugha hiyo wakinyamazishwa na somo la mimea.

Maana mimea wanaijua. Kijiji hiki kinaishi kwa mwani, majani ya baharini yanayofungwa kwenye kamba na kukuzwa majini. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake, yaani mama na bibi za wanafunzi wangu. Bamvua likifika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa mpaka mbali, nao wanashuka na kamba na vijiti vyao.

Somo lilikuwa mmea na mwanga wa jua. Kitabu kina picha ya mmea ndani ya chungu, kando ya dirisha. Nikamwomba Maalim ruhusa, nikaingia darasa la tano na kamba ya mwani mbichi, nikauliza kwa Kiswahili: kwa nini bibi zenu hawaufungi huu kule kwenye kina kirefu?

Darasa likafumuka. Mmoja akasema jua halifiki. Mwengine akasema linafika, ila hafifu. Mvulana wa nyuma, ambaye sauti yake nilikuwa sijaisikia, akasema mama yake analalamika kila kaskazi: maji yakipata moto, mwani unageuka mweupe na kukatika, basi jua linauua. Msichana wa mbele akageuka kabisa kitini kumjibu. Mwani unataka mwanga, akasema, hautaki joto, na hivyo ni vitu viwili. Wakabishana na mimi nikawaachia, kwa sababu kutenganisha mwanga na joto ndiko kulikokuwa kiini cha somo, na walikuwa wamefika wenyewe.

Baada ya hapo ndipo nilipoandika maneno ya Kiingereza ubaoni, wakayatungia sentensi. Nyingi zilikuwa na makosa ya sarufi. Sayansi yake ilikuwa sahihi.

Maalim alifurahi, kisha akanikumbusha kwa upole: "Mtihani wao wa sayansi ni wa Kiingereza, mwanangu." Ni kweli. Na wazazi wana haki kukitaka Kiingereza. Hoteli za Paje na Jambiani ziko karibu, na kazi zake zinakwenda kwa anayeweza kuzungumza na mgeni. Mimi pia nakitaka kwa ajili yao. Ninachoomba ni zamu: mtoto afikiri na abishane kwanza kwa lugha aliyonayo, kisha apewe ya pili akiwa na la kusema. Dakika kumi na tano za mwanzo zingetosha.

Tumekubaliana kujaribu tena kwenye hisabati, mada ya mzingo na eneo. Bamvua lijalo tutashuka na darasa zima kupima kitalu cha bibi wa mmoja wao, tuhesabu na kubishana kwa Kiswahili hukohuko majini, halafu turudi darasani kuandika kwa Kiingereza. Bibi amekubali, kwa sharti kwamba kila mtoto atamfungia mbegu kwenye kamba moja kabla ya kuondoka.