Wapiga mbizi wa Oban na maana ya mwingiliano

Mwaka 1975 wanasaikolojia Duncan Godden na Alan Baddeley walichapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza muundo wa kifaktoria, yaani jaribio linalochunguza vigeu viwili au zaidi kwa pamoja, vizuri kuliko kurasa nyingi za fomula. Karibu na mji wa Oban, huko Uskoti, wapiga mbizi walisomewa orodha za maneno 36 yasiyohusiana, ama wakiwa nchi kavu ama chini ya maji, kisha wakatakiwa kuyakumbuka palepale walipojifunzia au katika mazingira yale mengine. Vigeu huru, yaani mambo ambayo watafiti waliyabadilisha makusudi, vilikuwa viwili, mahali pa kujifunzia na mahali pa kukumbukia, na kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na viwango viwili (nchi kavu na majini), zilipatikana hali nne. Kila mpiga mbizi alizipitia zote, kwa hiyo alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe, na ndiyo maana matokeo ya watu 16 tu yaliweza kusema jambo.

Waliojifunza na kukumbuka nchi kavu walitaja wastani wa maneno 13.5, na waliofanya yote mawili majini walitaja 11.4. Waliojifunza nchi kavu wakakumbuka majini walipata 8.6, na waliofanya kinyume chake wakapata 8.4.

Sasa tuchukulie kwamba mtafiti angechunguza mahali pa kujifunzia peke yake, huku kila mtu akikumbuka nchi kavu. Angeona 13.5 dhidi ya 8.4, na angetangaza kwamba kujifunza majini kunadhoofisha kumbukumbu. Mwenzake, ambaye washiriki wake wote wanakumbuka majini, angeona 8.6 dhidi ya 11.4 na kutangaza kinyume kabisa. Wote wawili wangekuwa wamefanya kazi kwa uangalifu, na wote wawili wangekuwa wamekosea, kwa sababu athari ya kigeu kimoja inategemea kiwango cha kigeu cha pili. Utegemezi huo ndio unaoitwa mwingiliano, na hauonekani mpaka vigeu viwili vikutanishwe katika jaribio moja.

Athari kuu, yaani athari ya kila kigeu tunapokokotoa wastani katika viwango vya kigeu kingine, hapa ni ndogo: kwa mahali pa kujifunzia ni takriban maneno 11 dhidi ya 10, na kwa mahali pa kukumbukia ni karibu hivyo hivyo. Lakini mazingira yalipofanana wastani ulikuwa karibu 12.5, na yalipotofautiana ulishuka hadi 8.5. Hii ndiyo sababu nasisitiza sana kwamba mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti wenye vigeu viwili aandike nadharia tete (kauli za kubashiri matokeo) tatu, si mbili, yaani moja kwa kila athari kuu na moja kwa mwingiliano, na ile ya mwingiliano aieleze kwa mwelekeo: ni katika hali ipi anatarajia tofauti iongezeke, ipungue au igeuke.

Kuongeza vigeu kuna gharama, kwani vigeu vitatu vya viwango viwili vinaleta hali nane, na mwingiliano wa vigeu vitatu ni mgumu kuufasiri.

Muundo mzuri, hata hivyo, hauthibitishi matokeo milele. Mwaka 2021 mtafiti wa kumbukumbu Jaap Murre alichapisha marudio ya jaribio hili la wapiga mbizi, na mwingiliano ule haukujitokeza tena.