Kori iliyokufa na funguo mfukoni

Kamwene wote. Wiki mbili hizi nimezama kwenye sehemu moja ya keneli ya Linux (kiini cha mfumo kinachoendesha mashine) ambayo watu wengi hawaigusi, ile inayofanya kazi keneli ikishajifia na ile ya kuributi, yaani kuwasha upya, mashine yenye kori nyingi (kori ni kila kichakato ndani ya prosesa), na nataka niandike sasa hivi mambo yakiwa bado ya moto kichwani, maana yamenipeleka Makambako usiku wa mwezi wa saba na anayeijua Makambako mwezi wa saba anaujua ule upepo.

Ilikuwa hivi. Kuna ofisi moja kule inakopesha wakulima, seva yao tunaihudumia sisi kutokea Iringa. Kori 8, RAM giga 32, na ndani kuna kadi inayosoma volti za betri na kuwasha jenereta umeme ukikatika. Moduli ya keneli, yaani kipande cha programu kinachochomekwa ndani yake, ya kuiendesha hiyo kadi aliandika dogo mmoja ninayefanya naye kazi, na mimi ndo niliyeipitia nikasema iko fresh. Alhamisi saa tatu usiku seva ikapotea hewani. Sikushtuka sana, nilishaweka kernel.panic=10, yaani keneli ikipata paniki (hitilafu ambayo haiwezi kuendelea nayo) isubiri sekunde 10 halafu ijiwashe upya yenyewe, kwa sababu usipoweka kitu namba hiyo kwa kawaida ni 0 na mashine inakaa palepale mpaka mtu aje kuibonyeza. Nikasubiri dakika kumi, nusu saa, kimya. Asubuhi saa mbili wakulima wanaanza kuingia kurejesha mikopo, mahindi yameshauzwa, siwezi kuwaambia warudi kesho watu waliotoka vijijini kwa bodaboda. Nikashuka Ipogolo nikadandia basi la Tunduma.

Mlinzi alinikuta getini na koti lake kubwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mashine yako inapiga feni tu tangu jana usiku, kama inataka kupaa." Nikaingia, nikawasha skrini, na hapo ndipo penye utamu wote wa hii habari. Kulikuwa na mistari ya paniki, ikasema imetokea CPU 5, yaani kori namba 5, halafu ule mstari wa Kernel panic - not syncing, halafu basi. Hakukuwa na mstari wa Rebooting in 10 seconds. Mashine haikushindwa kuwaka upya, haikufika hata kwenye kuhesabu! Nikapiga picha skrini kabla sijagusa kitufe, na nakuomba na wewe ujizoeshe hivyo, piga picha kwanza, maana ukishabonyeza ushahidi umekwenda.

Jumamosi nikakaa na chai ya Mufindi nikafungua faili la panic.c, msimbo wa keneli unaoshughulikia paniki, nikalisoma mstari kwa mstari kama barua ya mahakama.

Mpangilio wake uko hivi. Kori ikiita paniki, kwanza inajaribu kuandika namba yake kwenye sehemu moja ambayo kori moja tu ndo inaweza kushinda, nyingine zikiita paniki wakati huohuo zinakuta pameshachukuliwa zinajisimamisha zenyewe. Hii ni lazima, vinginevyo kori 8 zote zingekuwa zinazika maiti mmoja kila moja na jembe lake. Halafu mshindi anaangalia kama kuna keneli ya akiba iliyopakiwa pembeni, ile ya kdump inayohifadhi memori ya keneli iliyokufa ili uichunguze baadaye, kama ipo anarukia huko moja kwa moja. Kama haipo, anazisimamisha kori zingine zote, halafu anaita orodha ya wanaotaka kujulishwa msiba, yaani moduli mbalimbali zilizojiandikisha zifanye jambo la mwisho, na baada ya hao wote kumaliza ndipo anaanza kuhesabu zile sekunde 10 na kuributi.

Umeona palipo na shimo? Kori zinasimamishwa KWANZA, orodha inaitwa BAADAYE. Moduli yetu ilijiandikisha kwenye orodha ili izime swichi ya jenereta kabla mashine haijaondoka, wazo zuri tu, lakini kabla ya kugusa kadi ilikuwa inachukua spinloki, kufuli ambayo asiyeipata anazunguka papo hapo kuisubiri, ileile inayotumika kila nusu sekunde wakati wa kusoma volti. Sasa chukulia kori 2 iko katikati ya kusoma volti, kufuli iko mkononi mwake, kori 5 inapata paniki, inatuma ujumbe wa kila mtu simama, kori 2 inatii inasimama palepale. Haitaamka tena. Imekufa na funguo mfukoni. Kori 5 inafika kwenye moduli yetu, inagonga mlango, inazunguka kusubiri kufuli iachiwe, na itazunguka hivyo mpaka mtu atoke Iringa na basi la usiku. Ndo maana feni zilikuwa zinalia, kori moja ilikuwa inakimbia kwa nguvu zote mahali pamoja.

Niliumia kwa sababu ile mistari niliipitia mwenyewe. Niliisoma kama mistari ya siku ya kawaida, nikaona kufuli inachukuliwa, inaachiwa, nikasema safi. Kwenye njia ya paniki swali ni jingine kabisa, kila penye kusubiri unauliza huyu ninayemsubiri kama ameshakufa itakuwaje? Ukiisoma keneli yenyewe kwa swali hilo utaona waandishi wake walilijua siku nyingi. Mashine za x86 (zenye prosesa za Intel au AMD) zikiingia kwenye njia ya kreshi dampu, yaani ile ya kdump, kori zingine zinapelekewa NMI, intarapti (ishara ya kukatiza kazi) isiyokatalika, kwa sababu kori iliyozima intarapti za kawaida isingesikia. Kila moja inaandika rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vya ndani ya kori, kwenye eneo lake ili baadaye ujue ilikuwa wapi, halafu inalala. Na kori inayoongoza inazisubiri sekunde moja tu! Zikijibu zisijibu inaendelea. Mara ya kwanza kuona ile hesabu ya milisekunde 1000 niliona kama uzembe, sasa naona ndo busara yenyewe.

Kuributi kwa kawaida kuna adabu zaidi. Vifaa vinaagwa kimoja kimoja, kazi inahamishiwa kwenye kori moja, mara nyingi ile ya 0, kori zingine zinaombwa kwa intarapti ya kawaida kwanza, zikikataa ndo inakuja NMI. Halafu inajaribu njia za kuzima na kuwasha moja baada ya nyingine, ACPI (utaratibu wa kusimamia umeme wa mashine), halafu kidhibiti cha kibodi, ndiyo, kibodi, inaandika 0xfe kwenye poti 0x64, urithi wa mashine za IBM za mwaka 1984 ambapo chipu ya kibodi ndiyo ilikuwa na waya wa kuiamsha prosesa upya. Inaishi mpaka leo kwenye seva ya Makambako, jambo hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Na kdump tulipaswa kuwa nayo tangu mwanzo, imo ndani ya keneli tangu toleo la 2.6.13 mwaka 2005, hatuna kisingizio. Unatenga memori wakati wa kuwaka, sisi tumeweka crashkernel=256M, humo inalala keneli ya pili ambayo haigusi memori ya marehemu, inaiona kama faili kwenye /proc/vmcore, programu ya makedumpfile inaibana na kuihifadhi. Tumetumia -d 31 iache kurasa tupu, za kashe na za programu za watumiaji, faili linakuwa dogo na taarifa za wakulima zinapungua humo, ingawa haziishi zote kwa hiyo dampu lifungie kama unavyofungia daftari la fedha. Hiyo keneli ya pili iwashe na nr_cpus=1. Ukitaka kori nyingi kwenye x86, keneli za zamani zina mtego, kreshi ikitokea kwenye kori isiyo ya kwanza halafu keneli mpya ikajaribu kuiamsha ile ya kwanza kwa INIT (ishara ya kuianzisha kori upya), ile ya kwanza inarukia BIOS (programu ya kuwashia mashine) na dampu lako linapotea, ndo maana zilikuwa na chaguo la disable_cpu_apicid la kuiacha hiyo kori.

Kwa hiyo na majaribio lazima yafanyike kwenye kila kori, siyo ile moja uliyoangukia. Tulichukua mashine inayofanana na ile, tukaitoa kdump makusudi, tukaacha programu inasoma volti bila kupumzika kwenye kori 2, halafu tukaiangusha makusudi kutoka kori 5 kwa amri hii:

taskset -c 5 sh -c 'echo c > /proc/sysrq-trigger'

Mara ya kwanza ikaributi vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu vizuri, dogo akaanza kunitazama. Ya nne ikaganda, mistari ileile, hakuna Rebooting. Dogo akasema "kaka, ndo yenyewe" na tukapeana mikono.

Kiraka chenyewe ni kifupi, pale kwenye njia ya paniki spin_lock imekuwa spin_trylock, inayojaribu mara moja bila kusubiri, ikikosa kufuli inaacha jenereta ilivyo na kuondoka. Dogo aliniuliza si bora tuiandikie swichi kwa nguvu bila kufuli, nikamwambia hapana, kori 2 inaweza kuwa imeacha kadi katikati ya sentensi na hatujui tutaiambia nini, jenereta kuunguruma dakika mbili zaidi ni mafuta kidogo tu. Akakubali, akaandika na maelezo ya sababu juu ya ule mstari, marefu kuliko mstari wenyewe, na mimi nimeyaacha yote.

Jana tumezungusha kutoka kori 0 hadi 7, kila moja mara kumi, bila kdump na ikiwa na kdump. Zote zimerudi. Jumapili ofisi imefungwa, nitapanda tena Makambako kuiweka, safari hii mchana, na mzee wa getini nimemnunulia soksi za sufu.