Waliobaki Alaska

Watu wakisimulia jinsi ligi za hoki ya barafuni za vyuo vikuu vya Marekani zilivyovunjika na kuundwa upya, huanzia Pennsylvania, na si kosa. Mwaka 2010 tajiri Terry Pegula alikipa chuo kikuu cha Penn State mamilioni ya dola ili kianzishe timu, na kwa timu hiyo vyuo vya Big Ten, umoja wa michezo wa vyuo vikuu, vyenye hoki ya wanaume vikatimia sita, idadi inayotosha kwa ligi kuwa na tiketi yake ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa. Minnesota na Wisconsin wakaihama WCHA, ligi yao ya hoki. Michigan, Michigan State na Ohio State wakaihama CCHA, ligi nyingine. Denver, North Dakota na wenzao nao wakajitenga na kuunda ligi mpya, NCHC, na msimu wa 2013 ulipofunguliwa, CCHA ya tangu 1971 haikuwapo tena.

Mimi huanzia Alaska, kwa sababu huko ndiko gharama ya mihamo yote hiyo ilikoishia. Juni 2019 vyuo saba vilitangaza kwamba vitaondoka WCHA, vikaifufua CCHA mwaka 2021, na vikawaacha nje wale watatu waliokuwa mbali zaidi: vyuo vya Anchorage na Fairbanks vya Alaska, na Huntsville ya Alabama. Huntsville ilitafuta ligi, ikakosa, ikasimamisha timu. Anchorage iliambiwa ichangishe takriban dola milioni 3 au ifunge, na mashabiki wakachanga mpaka fedha zikatimia mwaka 2021. Msimu wa 2022 vijana waliovaa kijani na dhahabu wakarudi barafuni, bila ligi.

Timu isiyo na ligi haina mashindano ya mwisho wa msimu wala tiketi ya moja kwa moja. Fairbanks walishinda mechi 22 msimu wa 2022–23, kisha Machi, wakati wenzao wakiendelea kugombea mataji ya ligi zao, wao walikuwa wamekwisha kumaliza ratiba, wakabaki kusubiri matokeo ya watu wengine, na orodha ya timu 16 za mashindano ya taifa ilipotoka hawakuwamo. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Najua hoja ya umbali, na ina uzito: kusafirisha timu nzima pamoja na mizigo yake hadi Alaska ni ghali. Hata hivyo, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, haziwahesabii wageni mechi za Alaska katika kikomo cha mechi za msimu, kwa hiyo anayekwenda huko hurudi na mechi za ziada. Arizona State, chuo cha jangwani, kilipokewa NCHC mwaka 2024. Chuo cha St. Thomas nao wametangaza kuihama CCHA mwaka 2026. Kiti hicho kinachoachwa wazi ningependa wapewe Fairbanks na Anchorage, wote wawili kwa pamoja, ili Kombe la Gavana wanalogombea kila mwaka liwe na pointi za ligi ndani yake.