Nilivyorushwa Ndani ya Chupa

Baridi ya mwaka 2022 ilinikuta nasoma Saint Paul, jimbo la Minnesota. Jumamosi jioni tulikuwa tukikutana kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mwenzetu mmoja kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mtu huigiza mhusika wake na dadu huamua yanayompata. Mwenye nyumba ndiye aliyeendesha mchezo, yaani kusimulia na kuamua, na hakuna mgeni aliyeingia mle asisomewe historia: kwamba Gary Gygax na wenzake walitoa mchezo huu mwaka 1974 kutoka Lake Geneva, Wisconsin, sawa, lakini Dave Arneson, mwasisi wa pili, alikuwa mtu wa huku huku Minnesota, na tangu 1971 alikuwa akiwachezesha rafiki zake. Tulimwachia aseme. Nyumba ni yake na pizza kanunua yeye.

Mimi nilicheza waloki, mchawi wa mkataba. Kwenye mchezo huu kuna mchawi aliyesomea vitabuni, kuna aliyezaliwa na nguvu zake damuni, na kuna waloki, ambaye hakusoma wala hakurithi. Anaye bwana wake aliyempa nguvu kwa masharti. Mtoto wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mtaani kwetu hakuna tajiri wa ghafla ambaye hajasingiziwa jini. Basi kitabu cha nyongeza kilichotoka Novemba 2020 kilipowaruhusu mawaloki kufunga mkataba na majini, sikutazama kwingine. Wapo wa ardhi, wa upepo, wa moto na wa maji. Nikamchukua wa maji, marid. Kilichonichekesha ni kwamba ukifika leveli ya 5, yaani daraja la tano la mhusika, jini huyo yuko tayari kukupa uchawi wa kuumba chakula na maji ya kunywa. Wa kwetu ndio wanaodai kulishwa: ubani, halua, kuku mwekundu, na bado hawashibi.

Tulikuwa tukitumia sheria za 2014. Kwa sheria hizo, waloki wa leveli ya 5 ana nafasi mbili tu za kufanya uchawi mkubwa, na mwenzake wa vitabuni ana tisa. Kwa haraka utasema waloki kapunjwa. Lakini nafasi zake mbili zote ni za kiwango cha 3, cha juu kwa leveli hiyo, na akipumzika saa moja zinamrudia zote. Yule wa tisa, ili azipate zote tena, mpaka alale usiku kucha. Hiyo saa moja ndiyo waloki mwenyewe. Asiyeipata hubaki mpiga mishale aliyevaa nguo za kutisha, na wachezaji wengi niliowaona walikuwa hivyo hasa. Walirundika kila kitu kwenye kupiga, halafu wakakaa kuwalalamikia wenzao kwamba hawataki kupumzika.

Kwenye kupiga mimi nilitumia kidogo nikaacha. Eldritch Blast, uchawi wa waloki wa kupiga kwa miale, haili nafasi yoyote. Ukiwa leveli ya 5 inatoka miale miwili, kila mmoja dadu la pande 10, na ukichukua kipawa cha Agonizing Blast unajumlisha nyongeza inayotokana na haiba yako kwenye kila mwale unaopata. Haiba ndiyo roho ya waloki. Katika pointi 27 za kugawa kwenye sifa za mhusika niliilipia mpaka 15, nasaba ya mhusika wangu, nusu binadamu nusu kiumbe wa ngano aitwaye “elf”, ikaongeza 2, na kipaji nilichochukua leveli ya 4 kikaongeza 1, ikasimama 18. Nyingine nilizitia kwenye uimara wa mwili. Uchawi mwingi wa waloki unataka umakini, na ukipigwa ukiwa umeushikilia, ni mwili unaoamua kama utakuponyoka. Akili za vitabuni nikaziacha kwenye 8, nikavumilia kuchekwa.

Kilichobaki chote ni chupa.

Jini humpa mtu wake chombo: taa, pete, chungu, au chupa yenye kizibo. Yangu niliiandika kuwa chupa ya marashi, ya kioo cha buluu. Mara moja kwa siku waloki anaweza kuingia ndani yake, akakuta chumba cha duara chenye mito na meza za chini, upana wake futi 40 kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa leveli yangu niliruhusiwa kukaa humo hadi saa sita. Ya nje unayasikia, huyaoni.

Usiku ninaousema tulikuwa kwenye ngome ya baharini iliyozama nusu. Kuna kijana kafungwa chini kabisa, na maji yanajaa. Mlangoni tu tulipigana pigano lililonimalizia nafasi zangu zote mbili. Nikaomba tupumzike. Mcheza kasisi akasema maji hayapumziki, wengine wakamuunga mkono, na walikuwa na haki.

“Basi nendeni,” nikasema. “Mimi nitapumzika njiani. Mtanibeba.”

Aliyekubali kunibeba alikuwa mwizi wetu, kijana wa Bukavu, ambaye nje ya mchezo ndiye mtu pekee mle niliyezungumza naye Kiswahili. Mwendesha mchezo alifungua kitabu, akakisoma kile kifungu mara mbili, midomo ikimcheza. Hapakuwa na neno la kunizuia. Akaridhia kwa sharti moja: kama siwaoni, nisiwaone kweli, na kama nimo chupani, nifunge mdomo. Nikageuza kiti kikatazama ukuta.

Mbele yangu palikuwa na tangi la maji ya moto na bomba lenye kutu kwenye kiungo. Nyuma yangu dadu zinaanguka mezani, na mtu anashusha pumzi, na mtu mwingine anasema “la, la, la.” Kila baada ya muda mwendesha mchezo alitangaza kuwa dakika kumi zimepita. Wenzangu walikuwa wakikagua vyumba taratibu, wakigonga sakafu kwa fimbo kutafuta mitego, na mimi kwa mara ya kwanza nikafurahi kuwa na wenzangu waoga. Ilipotimia saa, nikaandika 2 kwenye karatasi yangu pale ilipokuwa 0.

Hapo hapo wakafika kwenye geti la nondo. Ng'ambo yake kulikuwa na watu wa baharini, wenye mapezi na mikuki, na gurudumu la kufungulia geti liko kwao. Kasisi akachomwa mkuki kupitia nondo. Nikasikia kiti cha jirani kikisogea.

“Ndugu,” akasema yule wa Bukavu, kwa Kiswahili, “nakurusha.”

Sikuweza kumjibu, nilikuwa chupani.

Juu ya geti palikuwa na uwazi wa kupita mkono. Akarusha dadu la pande 20, likamletea 17. Chupa ikapita, ikaangukia jiwe. Chombo cha waloki kinaweza kuvunjika. Changu kilikuwa na uhai 8, yaani 5 za leveli na 3 za nyongeza ya ujuzi. Mwendesha mchezo akarusha dadu la pande 6 na likatoa 6. Ufa, akasema, lakini imeshika. Mmoja wa wale watu akainama, akaiokota, akaitikisa karibu na sikio.

“Toka!”

Nikageuza kiti. Kutoka chupani kunahitaji kitendo kidogo tu, kwa hiyo kitendo kikubwa bado ninacho, na hapo ndipo saa yangu ilipolipa. Nilitandaza uchawi wa rangi zinazozunguka, Hypnotic Pattern, futi 30 kila upande, nikijiweka nje ya mpaka wake. Walikuwa saba, kila mmoja alipaswa kufikisha 15 kwa dadu ili aepuke. Watano walibaki wameduwaa, yule mwenye chupa akiwa ameishika vile vile sikioni. Wawili walionusurika wakanigeukia, na mkuki mmoja ukanipata. Umakini wangu ulitaka 10. Nikapata 10 ya dadu na 2 za mwili, ambazo wengine wangezitia kwenye upanga.

Zamu iliyofuata nikazungusha gurudumu. Waliobaki walimalizwa na wenzangu, na kijana tulimtoa maji yakiwa yamemfika kifuani.

Tukivaa makoti, mwendesha mchezo alisema wiki ijayo ataangalia upya hiyo habari ya kurusha watu. Yule wa Bukavu akaniuliza lini na wao wataingia humo ndani wakalalie mito.

“Leveli ya 10, kaka. Nikiingia mimi, naingiza watu watano, na mapumziko yanakuwa dakika kumi badala ya saa.”

Akawahesabu waliokuwa wakitafuta glavu zao, akaniambia nafasi ya tano ni ya kasisi kama atapona mkuki.