Shelfu za HiAce ya mafundi maji

Wiki hii hapa karakana Gerezani, Dar, tuko na HiAce ya mafundi wa maji, ndani ilikuwa vurugu tupu, elbo na soketi za kuungia mabomba zimechanganyika na spana kwenye ndoo, bomba likipasuka usiku fundi anaanza kumwaga ndoo barabarani atafute valvu ya nusu inchi. Fremu tumepiga kwa skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, ya inchi moja, shelfu plaiwudi, kila moja ina ukingo mbele na imelalia nyuma kidogo ili dereva akikanyaga breki vitu visishuke. Vizito kama pampu na jenereta vinakaa chini karibu na ekseli, ukiviweka juu gari inayumba kwenye kona balaa.

Kuchomelea kwenye bodi siafiki kabisa, rangi inaungua kutu inaingia, na nyuma ya bati kuna waya. Tunafunga kwa bolti na mpira katikati isipige kelele. Mabomba ya mita 6 ni kwenye keria tu na kitambaa chekundu mkiani. Mteja alitaka droo, nikamwambia, "Bosi, reli za kabati la nyumbani haziwezi vumbi letu, chukua maboksi ya kuchomoa, fundi anashuka na boksi lake mpaka shimoni." Bado kufunga wavu wa chuma nyuma ya siti ya dereva, vitu visimrukie, huo sipunguzi bei wala siuruki.