Siku moja maishani mwangu: mkunga na mimba changa

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu. Mama wa kitanda cha tatu, mimba ya wiki tisa, bado ana dripu. Siku nne mfululizo alikuwa akitapika, hata maji hayakai tumboni. Nachovya kijiti kwenye mkojo wake: ketoni bado zipo, dalili kuwa mwili unachoma mafuta yake wenyewe kwa kukosa chakula.

"Sista, kila mtu aliniambia nivumilie, kutapika ni kawaida."

Kutapika ni kawaida, kweli. Lakini mkojo ukiwa mchache na wa rangi iliyokolea, uzito ukashuka, na kila unachokunywa kikarudi, hiyo si ya kuvumilia. Inaniuma kila ninapolisikia neno hilo.

Saa 3:00. Foleni imejaa. Mkojo unachoma, damu imepungua, kizunguzungu. Kila mmoja anapimwa mkojo, hata asiyelalamika, kwa sababu UTI ya mjamzito inaweza kukaa kimya kisha ikapanda hadi kwenye figo. Nagawa foliki asidi pia, ingawa yafaa ianze kabla ya mimba: uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mwezi wa kwanza, wengi wakiwa hawajui kama wamebeba.

Saa 5:20. Anaingia dada wa wiki saba. Matone ya damu tangu juzi, tumbo linauma chini kushoto. Nataka kuandika, namwona anakandakanda bega.

"Bega nalo lina nini, mdogo wangu?"

"Nadhani nililala vibaya."

Naweka kalamu chini. Namshika mkono: kiganja cha baridi, kimelowa jasho. Mapigo 118, presha 90 kwa 60. Damu inapovujia ndani ya tumbo huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yakatokea begani. Namlaza, namwita daktari, tunafungua mishipa miwili ya dripu, damu inapelekwa maabara kutafutiwa ya kuongezwa. Altrasaundi inaonyesha kizazi kitupu na damu tumboni. Mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, na mrija hautanuki kama kizazi. Ndani ya nusu saa yuko chumba cha upasuaji.

Sijala mpaka saa 8:00.

Saa 8:30. Mke na mume. Wiki kumi, moyo wa mtoto haupigi. Mke ananiuliza kwa sauti ndogo kama ni ile ndoo ya maji aliyoinua. Nasogeza kiti, nakaa karibu yake. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huwa na hitilafu ya kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, iliyokuwepo tangu kutungwa. "Si ndoo, mama. Hukukosea kitu." Mume ndiye anayeanza kulia. Sina haraka nao, foleni itanisamehe.

Saa 10:40 jioni. Dada wa bega ameamka. Mrija mmoja umetolewa. Anauliza kama atazaa tena. Namwambia mrija wa pili ni mzima na wengi hubeba tena. Ila siku akijijua ana mimba, aje mapema tuangalie imekaa wapi.

Kabla ya kuondoka napitia kitanda cha tatu. Amekunywa nusu kikombe cha maji. Dakika 40 zimepita, na bado yamo.