Nilivyoitia rimoti mashine yangu ya kupasulia mbao

Ngozi yangu ndiyo iliyonisukuma katika kazi hii ya kuitia mashine rimoti. Napasua mbao Mtongwe, upande wa Likoni, Mombasa, na magogo mengi ninayoletewa ni ya miembe mikongwe, mikorosho, na minazi iliyochoka kuzaa. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja na utomvu wake huwasha. Wapo wasiodhurika nao. Mimi nikishinda na gogo la mwembe, usiku silali: vipele mpaka kwenye viwiko, macho yamevimba, shingo inawaka moto.

Mashine yangu ni zile za kuhamishika. Reli mbili za chuma chini, gogo katikati, na juu yake kichwa chenye magurudumu kilichobeba msumeno wa ukanda na injini ya petroli ya nguvu farasi 13. Kichwa hicho unakisukuma kwa mkono, unatembea nacho pembeni mpaka mwisho wa gogo. Mahali pa kusimama umeshapangiwa, huna hiari. Kaskazi ikivuma sina taabu, unga wa mbao unakwenda zake upande wa pili. Kusi ikishika, kuanzia mwezi wa nne, wote unanijia usoni. Na reli zilizokwisha kupigwa pima maji huzigeuzi kila upepo unapogeuka. Nilichotaka ni kusimama joshini, kule upepo utokako, na kuiendesha mashine kutoka huko.

Kila niliyemweleza alikuwa na jawabu la haraka. Mmoja alisema nivae barakoa, nami naivaa miaka yote. Mwingine akasema niajiri kijana asukume badala yangu, yaani vipele nimhamishie mtoto wa mwenzangu. Lililonighadhibisha zaidi ni la fundi mmoja wa umeme wa magari, aliyesema kwa kujiamini kabisa: "Bwana, hiyo kazi ya nusu siku. Tia mota ya waipa, tia rimoti ya alamu ya gari, umemaliza. Fyuzi usihangaike nayo, hiyo ni betri ya gari tu." Katika mambo matatu aliyosema fundi huyo, la mota lilikuwa nusu sahihi. Mawili yaliyobaki yangeweza kunitia kilema.

Mota ya waipa nilinunua kwa wauza vipuri vikuukuu, elfu moja na kitu, nikavuka nayo feri ndani ya mfuko wa sokoni. Ni mota nzuri kwa sababu ndani yake kuna gia ya skrubu, inazunguka polepole lakini kwa nguvu. Yangu ilizunguka kama mara 45 kwa dakika. Nilivuta mnyororo wa baiskeli kando ya reli, nikaufunga ncha zote mbili, kisha gia ndogo ya meno 14 iliyo kwenye kichwa ikawa inaupanda mnyororo kama mtu anayepanda kamba. Lakini piga hesabu kwanza: pingili ya mnyororo wa baiskeli ni milimita 12.7, mara meno 14, mara mizunguko 45, unapata mita 8 kwa dakika. Mwendo huo kwa gogo gumu msumeno unayumba na mbao inatoka na mawimbi. Nikaongeza gia kubwa ya pedeli ya meno 44 katikati, mwendo ukashuka hadi mita 2 na nusu. Ile gia ndogo ya nyuma ya baiskeli lazima uichomelee isicheze, la sivyo itavuta upande mmoja tu.

Siku ya kujaribu nilibonyeza kwenda mbele. Kichwa kikaenda, taratibu, kimenyooka, na moyo wangu ukatulia. Nikabonyeza kurudi nyuma. Rilei, ile swichi inayovutwa kwa umeme, ikalia *tak*, palepale pakatoka cheche ya buluu kwenye bolti iliyoshika mota, na waya mwekundu ukaanza kutoa moshi kwa urefu wake wote, plastiki ikidondoka matone kwenye mchanga. Nilirukia betri nikaing'oa waya kwa mkono uliofungwa tambara. Yote hayo hayakuchukua hata sekunde kumi. Betri ya volti 12 kweli haikurushi ukiishika, lakini chanya na hasi zikikutana inamwaga mamia ya ampea, na waya wa kawaida unageuka kuwa sigiri. Fyuzi ya ampea 20, ya shilingi chache, ingekatika kabla sijasikia harufu.

Siku mbili nilitafuta kosa kwenye rilei. Nilibadilisha waya, nikachora mchoro upya mara tatu, kila mara mchoro ukionyesha kwamba sina kosa. Usiku wa pili nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye mlio, ambapo hulia umeme ukipata njia, ncha moja kwenye waya wa mota na nyingine kwenye ganda lake la chuma. Ikalia. Hapo nikaelewa. Katika gari waipa haihitaji kurudi kinyume, kwa hiyo mota nyingi za namna hii brashi yake ya hasi, yaani kile kipande cha kaboni kinachopitisha umeme ndani ya mota, imefungwa kwenye ganda lenyewe, na ganda limekaa kwenye bodi ya gari. Mimi nilipogeuza umeme, ganda likawa chanya, na lilikuwa limefungwa kwa bolti kwenye fremu ambayo ni hasi ya betri. Mchoro wangu haukuwa na ganda, ndiyo maana haukunionyesha kitu.

Nikaifungua mota juu ya gazeti. Brashi tatu: moja ya mwendo wa polepole, moja ya mwendo wa kasi, na ya tatu ambayo mkia wake wa shaba ulikuwa umegongomelewa kwenye bati kwa ripiti. Nikaikata ripiti kwa tindo ndogo, nikaunga mkia ule kwa waya mpya kwa risasi, nikatoboa tundu kwenye kifuniko. Waya unaopita kwenye tundu la chuma utakatika ngozi kwa mtikisiko, basi nikachukua mrija wa kalamu ya biro iliyokwisha wino, nikakata kipande cha urefu wa ukucha, nikakipitisha tunduni na waya ndani yake. Nikapima tena. Mita kimya. Kama hutaki kufungua mota, tafuta ya vioo vya milango ya gari, ile hurudi pande zote mbili na nyaya zake kwa kawaida hazigusi ganda, ila nguvu yake ni ndogo zaidi. Vyovyote utakavyonunua, pima ganda kabla ya kufunga.

Sasa rimoti. Ya alamu ya gari na nyingi za geti ukibonyeza mara moja kitu kinaanza, mpaka ubonyeze tena ndipo kisimame. Fikiria hiyo kwenye msumeno unaokwenda. Rimoti ikikuponyoka mkononi, kichwa kinaendelea kwenda bila mtu. Mimi nilichukua ile ya vitufe vinne ya megahezi 433, ambayo kipokezi chake kina kijiti cha kuchagua namna ya kufanya kazi, nikakiweka pale ambapo kitufe kinafanya kazi kikiwa kimebonyezwa tu. Ukiachilia kidole, kichwa kinasimama. Mawimbi yakikatika, kinasimama. Betri ya rimoti ikifa, kinasimama.

Mawimbi nayo yalinisumbua. Kipokezi nilikitia kwenye sanduku la chuma ili kiwe imara, na rimoti iliyoandikwa mita 100 ikawa haisikiki hatua nne. Chuma kinazuia mawimbi. Nikahamishia kila kitu kwenye bakuli la plastiki la kufungia chakula, lenye mpira kwenye kifuniko, na antena nikaitoa nje: waya ulionyooka wa sentimita 17 na ushei, yaani robo ya wimbi la 433. Usiukunje wala kuuzungusha ukidhani unapendezesha. Ikafika mita 30, injini ikiwa imezimwa. Nilipowasha injini ikarudi mita 5. Hapo kosa lilikuwa la plagi: cheche yake inapiga kelele inayofunika sauti ya rimoti. Plagi iliyokuja na injini ilikuwa F7TC. Nikanunua F7RTC, tofauti ni herufi R tu, na hiyo R ni kizuizi kilichomo ndani kinachopunguza kelele. Mita 25 mpaka leo, nami nahitaji 10.

Kuzima injini ndiko nilikobishana na mafundi zaidi. Injini hizi huzimwa kwa kuugusisha kwenye fremu waya wa koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Wote walinishauri rilei inayogusisha nikibonyeza. Nikawauliza: na betri ikiwa imekufa, nikibonyeza rilei itavutwa na nini? Nikaifunga kinyume. Rilei yangu ikikosa umeme ndiyo inagusisha waya na kuzima. Ili injini iwake lazima umeme uwepo na uishikilie rilei. Waya wa betri ukichomoka, injini inazima yenyewe. Pamoja na hayo niliweka kitufe chekundu cha waya kwenye kila ncha ya reli, maana rimoti peke yake siiamini kwa jambo hilo. Na kumbuka, injini ikizimika magurudumu ya msumeno ni mazito, yanaendelea kuzunguka. Nahesabu mpaka msumeno utulie kabisa ndipo ninasogea.

Kupandisha na kushusha kichwa nimeacha kwa mkono. Unene wa mbao nataka niuone kwa macho yangu.

Chumvi ya bahari hapa haisamehi. Bodi ya kwanza ya kipokezi ilioza miguu katika mwezi mmoja. Ya pili nilimwomba binti yangu rangi ya kucha isiyo na rangi, nikaipaka mikono miwili upande wa risasi, nikaacha sehemu za skrubu tu, na hizo nikazipaka mafuta ya mgando. Masika nzima imepita, bado inang'aa.

Jumla sikuiandika. Kama elfu kumi na mbili hivi, ukiacha waya ulioungua.

Gogo la kwanza lilikuwa mwembe ulioangushwa na mvua, futi 9, mnene wa kutosha kukaliwa na watu wawili migongo pamoja. Kusi ilikuwa inavuma. Nilisimama chini ya mkwaju, hatua kumi joshini, na kwa mara ya kwanza nikauona msumeno wangu unavyofanya kazi kwa upande, unga ukitoka kama moshi na kuelekea mbali nami. Sauti ya injini ikiwa nzito naachilia kidole, inapumua, nabonyeza tena. Mabanzi manne, mbao kumi na moja.

Ami, jirani yangu mzee aliyekuwa fundi wa majahazi, alikuwa amesimama na bakora yake tangu mwanzo.

"Mwanangu, kitu kinachokwenda chenyewe nakiogopa."

"Hakiendi chenyewe, Ami. Kinakwenda kikibonyezwa tu. Shika."

Akaipokea rimoti kwa mikono miwili. Ubao wa mwisho aliupasua yeye, bila kupepesa macho. Katikati ya gogo kikohozi kikamshika, mkono ukaenda kinywani, na kichwa kikasimama palepale, msumeno ukizunguka mahali pamoja. Akamaliza kukohoa, akafuta mdomo kwa kanzu, akabonyeza tena.